Ruiru 11, Kahawa Iliyozalishwa kwa Mikono

Leo twende Ruiru, kwenye shamba la Jacaranda, ambako kwa miongo mingi kahawa ya Kenya imetafitiwa. Hapo ndipo sheria za urithi, zile tulizosomea shuleni kwa mifano ya macho na nywele, zilipookoa riziki ya mkulima.

Adui alikuwa CBD, au chulebuni. Ni kuvu inayoshambulia tunda la kahawa likiwa bado bichi, likawa jeusi na kuanguka. Ilionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Nayo mibuni tuliyojivunia, SL 28 na SL 34, iliyochaguliwa huko Scott Laboratories, Kabete, katika miaka ya 1930, ilikuwa na ladha ya kusifika duniani lakini haikuwa na kinga. Mwaka 1968 ugonjwa ulilipuka vibaya. Mwenye shamba kubwa pale Thika aliweza kununua dawa na kupuliza msimu mzima. Mwenye miti mia mbili kule Gatundu angezitoa wapi fedha hizo?

Mwaka 1971 watafiti wa Ruiru wakaanza kazi ya kuzalisha mbuni mpya. Msingi wao ulikuwa ule aliouweka mtawa Gregor Mendel mwaka 1866, baada ya kuchunguza njegere za bustanini kwake: kila sifa hubebwa na jozi ya jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni inayotawala hujionyesha hata ikiwa peke yake. Iliyo dhaifu hujificha mpaka ikutane na mwenzake wa aina yake.

Kinga ya CBD ilipatikana kwa wazazi walioishi mbali mbali. Rume Sudan, kutoka uwanda wa Boma unaopatikana leo Sudan Kusini, ilikuwa na jeni inayotawala. Kahawa ya kisiwa cha Timor, iliyotokana na arabika na robusta kukutana zenyewe, ilileta nyingine. K7, tunayoilima hapa hapa Kenya, ilikuwa na ile ya kujificha. Hii ya tatu ndiyo yenye kuchosha: ukichanganya miti miwili inayoibeba kwa siri, ni mche mmoja tu kati ya minne, kwa wastani, utakaoionyesha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Arabika hujichavusha, kwa hiyo kabla ua la mti mama halijafunguka, mfanyakazi huling'oa sehemu za kiume, hulifunika kwa mfuko, kisha hulipaka chavua ya mti baba aliyechaguliwa. Tunda huiva baada ya miezi kadhaa, mbegu ikapandwa, na mti hauzai mpaka miaka ipite. Nawaheshimu sana watu hao, maana majina yao hayaandikwi kwenye gunia lolote.

Mwaka 1985 Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima. Mama ni Catimor, mbuni mfupi wenye damu ya Timor. Baba ni miti iliyochanganywa na SL 28 na nyinginezo ili ladha isipotee. Ufupi hutawala, ndiyo maana ekari moja hubeba miti karibu maradufu ya ile ya SL. Mwaka 2010 ikafuata Batian, yenye jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya. Hii ni ndefu, na mbegu zake hufuata mzazi.

Ruiru 11 haiko hivyo. Ni chotara wa kizazi cha kwanza, na jeni zake zikigawanyika upya, watoto hutofautiana: mmoja mfupi, mwingine mrefu, mmoja ana kinga, mwingine hana. Kwa hiyo, ndugu mkulima, usiokote mbegu chini ya Ruiru 11 yako ukazipanda. Nunua miche kwenye kitalu kilichoidhinishwa, au bebesha vikonyo vyake juu ya mashina yako ya zamani ya SL.