MDOMO WA KAMERA
(Hotuba kwa Klabu ya Picha, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Klabu ya Picha imeomba chama chetu kiinunulie kamera na lenzi ya kupigia usiku. Nimeambiwa niseme neno, kwa kuwa ukiacha kazi ya serikali, mimi ni mgonjwa wa kamera tangu kidato cha pili.

Ugonjwa huo una chanzo. Usiku tulipomuaga mwalimu wetu wa fizikia umeme ulikatika, tukaendelea kwa taa za chemli. Kamera nilishika mimi. Filamu iliposafishwa, giza tupu. Mwalimu yule amekwisha fariki, na picha nyingine ya usiku ule hakuna. Nilipoanza kupata mshahara nikatafuta lenzi ya kuona gizani. Mbona za kamera yangu ya Nikon ziliishia f/1.2?

Jibu alikwisha tupa mwalimu yule yule: namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.0 inataka tundu la milimita 50. Mbele unaweza kuongeza kioo utakavyo. Kazi iko nyuma. Mwanga hutoka kwenye lenzi kama koni, ncha yake ikiwa kwenye filamu, na koni hiyo lazima ipite katika pete inayoshika lenzi. Pete ya Nikon ya mwaka 1959 ina mdomo wa milimita 44, nayo iko milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, maana katikati kuna kioo kinachoruka juu unapobonyeza. Kwa f/1.0 upana wa koni hapo kwenye pete si chini ya milimita 46. Haupiti! Kwa f/1.2 ni kama 39 hivi. Unapita kwa kubanana, kwani koni za pembeni mwa picha nazo zinataka njia.

Mwaka 1987 Canon waliacha pete yao ya zamani wakatoa yenye mdomo wa milimita 54, na mwaka 1989 wakauza lenzi ya f/1.0. Wenye lenzi za zamani walinuna, na walikuwa na haki. Nikon walibaki na pete yao ili lenzi za wateja zisitupwe. Mimi nijazaye fomu zilizobuniwa kabla sijazaliwa nawaelewa. Mwaka 2018 nao wakatoa kamera isiyo na kile kioo: mdomo milimita 55, umbali 16 tu. Mwaka uliofuata ikaja lenzi ya f/0.95.

Msishangilie. Ina uzito wa kilo 2, na ilipotoka bei yake ilikuwa karibu dola 8,000.

Shauri langu kwa kamati ni kamera yenye mdomo mpana na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo bei yake tunaimudu. Ile kubwa mtaitafuta wenyewe mkianza kazi. Ila tusichelewe: mahafali ya kidato cha nne ni mwezi ujao, jioni, na taa za bwalo letu mnazijua.