Tangazo Lisitangulie Mzigo: Kuuza kwa Simu Kasongo na Kabambare Mwaka 2026



Nimeombwa nizungumze hapa chuoni, Desemba hii ya 2025, mbele yenu walimu, wanafunzi, mama wa soko, wenye depo na wanamotari, juu ya mwelekeo wa biashara ya mtandaoni kwa mwaka 2026. Mtu akiombwa jambo hili Nairobi au Dar es Salaam, hufungua kompyuta akaonyesha michoro ya rangi. Mimi nitaanza na mzee mmoja aliyewahi kukaa hapa kwetu.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Humo anaeleza jinsi alivyoingia katika nchi ya mtemi mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba zamani dada wawili wa mtemi huyo walitekwa, wakapotelea mbali. Basi akajitangaza kuwa bibi yake ni mmoja wa dada hao. Yeye ni mjukuu, amerudi nyumbani. Mtemi akaamini, akamkabidhi utawala.

Mtazame kwa jicho la muuzaji. Alimchunguza mteja kabla ya kufungua mdomo, akajua uchungu wake uko wapi, akatunga tangazo la kupita palepale. Sioni kampuni ya matangazo ya Kinshasa ambayo ingemshinda. Lakini sisi watu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, tunajua pia kilichofuata: pembe, bunduki, watu katika minyororo. Kisha mwaka 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji chini ya kamanda Dhanis likaiteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili, nalo likaja na dhuluma zake. Simleti Tippu Tip awe mwalimu wetu wa biashara, Mungu apishe mbali. Namleta kwa sababu nchi hii ilikwisha kuuziwa hadithi tamu kabla haijaona simu wala umeme, na mteja wa hapa, ukimtangazia jambo, swali lake la kwanza si bei. Anauliza wewe ni mtoto wa nani, na mzigo uko wapi.

Maneno yangu yote leo yatazunguka swali hilo la pili.

Tuje sasa kwenye simu zenyewe. Mama mmoja anayeuza mchele hapa sokoni alinikubalia nikae karibu naye asubuhi moja nione anavyofanya kazi. Saa kumi na mbili na nusu alifungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono, akainua mchele kidogo ili uonekane una chenga kiasi gani. Pembeni aliweka kopo la kupimia, lile lile ambalo wateja wake wanalijua. Akapiga picha moja, si tatu, kwa sababu mega za intaneti zina bei. Akaiweka kwenye status ya WhatsApp, akaandika bei kwa franka, halafu akasema kwa sauti, sekunde kumi na tano hivi: mchele ni wa jana, umetoka kijiji fulani, haukulowana njiani. Basi. Hadi saa nne walikuwa wamemjibu watu tisa, na sita kati yao aliwajua kwa majina ya watoto wao.

Wataalamu wa miji mikubwa wangesema watu tisa ni kitu gani. Mimi nasema mama huyu ameielewa programu kuliko wengi wenye shahada. Status hudumu saa 24 tu, na kwa kawaida huonwa na mtu ambaye umerekodi namba yake naye amerekodi yako. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi huchukua hadi watu 256, na asiyekuwa na namba yako katika simu yake hapati kitu. Maana yake ni kwamba kwa njia hizi mbili WhatsApp, kinyume na redio, haikupeleki kwa usiowajua. Kazi ya kutafuta mteja inafanyika uso kwa uso, siku anapokuja kununua, unapomwambia: mama, nipigie hapa hapa, urekodi namba. Asiyefanya hivyo sokoni asilalamike kwamba mtandao haumfai.

Nimesema sauti. Hili nitalikalia kidogo, maana hapa ndipo tulipo na mali ambayo wengine hawana. Ukituma maandishi Kabambare, wazee wengi watampa mjukuu awasomee, na mjukuu atasoma anachotaka. Ukituma sauti, mzee anasikia mwenyewe. Anasikia pia kama unasitasita. Na anasikia lugha: Kiswahili chetu hiki tulichoachiwa na misafara, ambacho watu wa Bukavu hutucheka kwamba tunaongea kama Waunguja, kisha salamu ya Kibangubangu mwishoni, au ya Kikusu, au ya Kizimba, kulingana na unayezungumza naye. Salamu hiyo haina gharama na hakuna mshindani wa Kinshasa anayeweza kuiiga.

Hapa mtaniuliza juu ya akili bandia, maana ndiyo habari ya mjini tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Itumieni. Mtu anayetaka kuandikia shirika au mgodi barua ya bei kwa Kifaransa safi, asihangaike usiku kucha. Mashine itamwandikia kwa dakika mbili, yeye asome tu na kusahihisha tarakimu. Lakini mkiiambia iwatungie tangazo la Kiswahili, itawaletea Kiswahili cha Dar es Salaam. Itaandika pikipiki mahali ambapo sisi tunasema moto, duka mahali ambapo tunasema butiki. Mteja atajua kwamba aliyeandika si wewe. Picha ndizo mbaya zaidi. Nimeona tangazo la mafuta ya mawese lenye madumu yanayong'aa kama kioo na msichana mwenye vidole sita. Mawese yenyewe yalikuwa mazuri, nilikwisha kuyanunua. Kwa nini kuyasingizia?

TikTok na Facebook nitazipita haraka. Video zinakula mega, na wanaozitazama Kasongo mara nyingi ni vijana wasiokuwa na pesa bado. Kulipia tangazo la Facebook kwa kawaida kunahitaji kadi ya benki, ambayo wengi wetu hatuna, hivyo tunamwomba ndugu wa Kindu au Kinshasa atulipie. Meta, kampuni yenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza Juni 2025 kwamba matangazo ya kulipia yataingia hata upande wa status wa WhatsApp. Yakifika kwetu, status ya jirani itachanganyika na ya kampuni kubwa. Hofu yangu kwa hilo ni ndogo. Watu watajifunza kuruka, kama walivyojifunza kuruka matangazo ya bia redioni.

Sasa mzigo.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Benki zikafunga, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na bidhaa zilizokuwa zikipanda ndege huko kuja Kindu zikakosa njia. Ninyi wenye depo hamhitaji mimi niwaeleze miezi ile. Ninachotaka kusema ni kilichotokea kwenye simu. Kwa wiki kadhaa status za wafanyabiashara ziliendelea kuonyesha sabuni, betri, madaftari na kanga, kama kwamba hakuna kilichobadilika. Mteja alilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, akasubiri. Mimi mwenyewe nililipia betri ya jua niliyoiona kwenye status ya mfanyabiashara mmoja, sitamtaja. Picha ilikuwa ya kweli. Betri ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa imepigwa picha ikiwa bado katika ghala la mji mwingine. Niliipata baada ya wiki saba. Muda huo wote nilifanya kazi kwa mshumaa, na kila aliyeniuliza kwa nini, nilimweleza kwa kirefu.

Hesabu hii ya picha kuutangulia mzigo hamtaiona katika vitabu vya masoko vya Ulaya, kwa sababu kule picha ikitoka, gari limekwisha kupakia. Kwetu reli ya shirika la SNCC kutoka Kindu kwenda Kongolo inapita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba, sisi tuko mashariki. Mzigo unavuka mto, unashuka, unapanda moto au baiskeli ya kusukumwa, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua ndiyo inayoamua. Kwa upande wa Salamabila na barabara za Kabambare kuna pia wenye silaha wanaoamua. Kwa hiyo mpango wa matangazo wa mwaka 2026 uanze kuandikwa kutoka kwenye barabara, urudi nyuma hadi kwenye simu. Mzigo ukiwa ghalani, andika "iko". Ukiwa Kindu, sema uko Kindu. Ukiwa bado ni matumaini, usiseme kitu. Miezi ya ukame, kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo ya kujaza ghala kwa ajili ya Septemba, shule zinapofunguliwa na kila mzazi anatafuta daftari. Na anayeanza kutangaza madaftari mwezi wa Septemba yenyewe, huku lori lake limekwama, anamtangazia jirani yake mwenye stoki.

Bei nayo ina safari yake. Mnakumbuka Septemba na Oktoba 2025, franka ilivyoimarika ghafla mbele ya dola, baada ya miaka ya kuzoea kuiona ikianguka. Waliokuwa wamenunua kwa dola wakiuza kwa franka walishangaa upande mmoja, wateja upande mwingine. Status ya wiki iliyopita yenye bei ya zamani iligeuka ugomvi mlangoni. Ushauri wangu ni mdogo: andika tarehe kwenye picha, kila mara, na useme bei ni ya leo.

Malipo ya simu tumeyazoea tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2012, na ni baraka kwa mtu anayetuma pesa Kabambare bila kumkabidhi mwanamotari bahasha. Wezi nao wameyazoea. Ujumbe wa uongo wa "umepokea" unafanana na wa kweli kwa kila herufi. Muuzaji asikabidhi mzigo kwa kutazama ujumbe, hata mteja akimwonyesha skrini yake. Atazame salio lake mwenyewe. Kuna pia Kodi ya Dijitali ya nchi yetu, na hapa kodi ni kitabu cha sheria, si ushuru: ni ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya kielektroniki na taarifa binafsi za watu. Daftari lako la namba za wateja si mali ya kumpa kila anayeomba. Wanasheria wa chuo hiki wangefanya jambo jema kuifafanua sokoni, kwa Kiswahili.

Neno hilo daftari nimelitumia kwa makusudi, maana karatasi haizimwi kama mtandao. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Biashara iliyokuwa na wateja wake wote ndani ya WhatsApp ilikaa kimya muda huo wote. Starlink, intaneti ya satelaiti, ilipewa ruhusa nchini mwaka 2025, na wenye uwezo wameanza kuiwazia. Ila sahani ya paa haiondoi amri ya serikali, wala hailipi umeme wa jenereta. Andikeni namba kwa kalamu. Simu ya kawaida ya kupiga, redio ya mtaani, na mtoto wa kutumwa, hivi vitatu viwepo katika mpango wa mwaka, kila kimoja na bajeti yake.

Nimezidisha muda niliopewa, nami naona Bwana Mkuu wa Chuo anatazama saa. Nimalizie na hili: Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 18 Februari 2026, na Kasongo nzima itatafuta sukari, unga na tende. Mwenye sukari ghalani aanze kuipiga picha leo jioni. Yule ambaye sukari yake bado iko ng'ambo ya Lualaba, namwomba asubiri.