Tuta Linalofuata



Kila Ramadhani darasa la watu wazima hujaa hadi mlangoni. Shawwal haijamalizika, nimebaki na watu wanne. Walioondoka si wavivu, sithubutu kusema hivyo. Mtu hujipangia kurasa 10 kwa siku; akikosa siku tatu, deni humlemea, kisha huona haya kurudi.

Tazameni mkulima wetu wa Ufipa. Mvua zikielekea ukingoni, udongo ungali laini, hufukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo, intumba. Nyasi huoza humo, na msimu ufuatao matuta husambazwa, ukapandwa ulezi. Shamba halimalizwi kwa siku moja. Mkulima akiugua, akipona huanza tuta linalofuata, hayalilii yaliyompita. Ila akingoja hadi ardhi ikauke, jembe litadunda, na hapo ndipo wengi wetu tulipo.

Qur'ani yenyewe iliteremshwa kwa muda wa miaka 23. Basi aliyekatikiwa na aanze na aya moja, pale pale alipoishia. Darasa ni baada ya Isha, na hakuna atakayeulizwa alikuwa wapi.