Daktari Asiyangoje Masika Hospitalini

Kila mwaka masika yanapokaribia, kati ya Machi na Mei kwa wakazi wa pwani na kaskazini mashariki, kila mtu hujiandaa kwa namna yake. Mkulima hutazama jembe lake, mama hutazama bati linalovuja, na mvuvi hutazama upepo. Wote wanajua kwamba mvua haimngoji mtu asiyejiandaa. Hata hivyo liko jambo moja ambalo mara nyingi huachwa bila kutazamwa mpaka maji yawe yamekwisha kuingia ndani ya nyumba. Jambo hilo ni maradhi yanayoandamana na mvua: kipindupindu, kuhara damu, malaria na homa ya kidingapopo.

Maradhi hayo hayamshukii mwananchi kwa ghafla kama radi. Yana msimu wake, kama mahindi yalivyo na msimu wake. Na adui ambaye siku ya kuja kwake inajulikana, tena njia atakayopitia inajulikana, hana sababu ya kuwakuta watu wamelala. Kwa hiyo yafaa liulizwe swali: ni nani mwenye wajibu wa kuwaamsha wananchi mapema, na awaamshe kwa namna gani?

KAZI INAYOSTAHILI SHUKRANI

Jibu la kwanza linawahusu madaktari na vyama vyao. Chama cha Madaktari Tanzania kiliundwa mwaka 1965, wakati madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Chama cha Madaktari Wanawake kilifuata mwaka 1987, na mwaka 2005 kikaanzisha kampeni ya kuwapima wanawake saratani ya matiti, ambayo wanawake waliiitikia kwa maelfu. Tangu hapo imekuwa desturi kuwaona madaktari, kwa siku moja au mbili, wakiacha vyumba vyao vya hospitali na kupiga mahema viwanjani, wakipima shinikizo la damu, sukari na macho bila malipo.

Hapana shaka kwamba kazi hiyo ni njema. Mzee ambaye hajapata kupimwa maishani mwake, akigundulika hapo kuwa damu yake inakwenda kwa nguvu kupita kiasi, ameepushwa na kiharusi. Mama aliyeingia hemani kwa woga na akatoka ameelekezwa hospitali mapema amepata nafasi ya kuwaona wanawe wakikua. Mwananchi ndiye aliyelipa gharama za kumsomesha daktari. Kwa hiyo daktari anapotumia siku yake ya mapumziko kumtumikia mwananchi analipa deni la heshima, na mlipa deni hustahili kushukuriwa.

Lakini shukrani isiwe pazia la kuficha ukweli. Hema hupigwa Jumamosi na kukunjwa Jumapili. Jumatatu mtaro ulioziba ungali umeziba, kisima kilicho karibu na choo kingali pale pale, na mvua inakuja. Kwa maradhi ya msimu, hema la siku moja halitoshi. Maradhi hayo hushindwa mtaani, tena wakati wa jua.

FUNZO KUTOKA UNGUJA

Katika pwani hii liko funzo la zamani. Kati ya mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno katika mji wa Unguja. Daktari mmoja Mwingereza, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo, hakutosheka na kuwatibu wagonjwa waliofikishwa kwake. Aliwauliza wafanyabiashara na wasafiri wa misafara ya bara, akaufuata ugonjwa nyuma hatua kwa hatua, mpaka akaonyesha kwamba ulipita nchi ya Wamasai pamoja na misafara, ukashuka Pangani, kisha ukavuka bahari. Daktari huyo huyo aliandika habari za homa ya kuvunja viungo ambayo watu wa Unguja waliiita kidinga pepo, na wazee wakamweleza kwamba walikwisha kuiona homa hiyo miaka hamsini hivi iliyotangulia.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza ni kwamba elimu ile daktari aliipata kwa watu: kwa wazee, kwa mabaharia, kwa wapagazi. Mwananchi ana habari ambazo hazimo katika darubini. La pili ni kwamba elimu iliyotoka kwa watu wa pwani iliishia katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1876, kwa lugha ambayo wengi wa waliofiwa hawakuijua. Hayo yalikuwa mambo ya zama zile. Daktari wa leo hana udhuru huo. Anachokijua hana budi kukirudisha mtaani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kabla ya mvua.

KUTAPISHA CHOO NI KUMTILIA JIRANI SUMU

Sasa yafaa litajwe jambo ambalo wengi wanalijua na wachache wanalisema hadharani. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyo mabondeni, choo cha shimo kinapojaa, wapo wenye nyumba wanaongoja mvua kubwa. Usiku, maji yanapopita kwa kasi, hutoboa shimo lile upande wa chini na kuacha uchafu uchukuliwe na mafuriko. Jambo hilo lina jina lake: kutapisha choo.

Mwenye nyumba huamka asubuhi akiwa amefurahi kwa kupata nafuu bila gharama. Hata hivyo uchafu ule haukupotea. Umeingia katika kisima cha jirani, umepita katika bomba lililopasuka, umekaa katika uwanja wanaochezea watoto. Kijidudu cha kipindupindu huingia mwilini kwa kinywa, katika maji au chakula kilichochafuliwa. Tangu kuingia mpaka ugonjwa uonekane zinaweza kupita saa chache au siku zipatazo tano, na mgonjwa aliyezidiwa huweza kufa katika muda wa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Kwa hiyo anayetapisha choo wakati wa mvua anamtilia jirani yake sumu, hata kama hakukusudia.

Lakini haitoshi kumlaani mtu huyo, wala haitoshi kumtoza faini. Yafaa iulizwe kwa nini anafanya hivyo. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita katika uchochoro wake, na hata likipita, gharama yake ni mzigo kwa kipato cha kibarua. Hapa ndipo mtu mmoja anaposhindwa na watu wengi wanapoweza. Nyumba kumi zikichanga pamoja, zikakubaliana siku ya kuondoa majitaka wakati wa kiangazi, gharama ya kila moja hupungua. Vikundi vinavyotumia pampu ndogo za mkono, ambazo huingia pasipoingia gari, vimekwisha kufanya kazi katika jiji hilo hilo. Kinachohitajika ni uongozi wa mtaa wa kuvitafuta na kuvipangia kazi, na sauti ya daktari ya kueleza katika mkutano wa hadhara, bila kumung'unya maneno, uchafu ule unakwenda wapi.

Hali kadhalika yafaa mama lishe atendewe haki. Kipindupindu kinapotangazwa, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufungiwa biashara. Huenda ikalazimu. Lakini si embe wala sahani ya wali inayozaa kipindupindu. Huzaliwa na maji machafu yaliyotumika kuosha embe na sahani hiyo. Kumfungia mama lishe na kuacha eneo lake bila bomba ni kuuahirisha ugonjwa mpaka masika mengine. Chama cha madaktari kikisema hivyo mbele ya Halmashauri, kitakuwa kimefanya tiba kubwa kuliko ya vidonge.

MAISHA YALIYOPOTEA KWA KUCHELEWA

Wapo watakaodhani kwamba maneno haya yametiwa chumvi. Yatazamwe ya mwaka 1997. Katika mwaka huo Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 2,200. Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa 100, zaidi ya watano walizikwa. Lakini elimu ya tiba inaonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu akiwahiwa na kurudishiwa maji mwilini, vifo havifiki hata mmoja katika kila 100. Kama wote wangewahiwa hivyo, waliokufa wasingezidi 400 hivi. Waliobaki, watu zaidi ya 1,800, walikufa kwa ugonjwa ambao tiba yake kubwa ni maji, sukari na chumvi.

Wengine walikuwa mbali na zahanati. Wengine walifichwa. Kipindupindu huonekana kuwa ugonjwa wa aibu. Familia hunong'ona kwamba ni tumbo la kawaida, mgonjwa hulazwa chumba cha ndani, na majirani huambiwa amesafiri. Wahenga walisema, mficha maradhi mauti humuumbua. Na kipindupindu humuumbua mficha maradhi pamoja na mtaa mzima, kwa kuwa nguo za mgonjwa hufuliwa, na maji yake humwagwa mahali fulani.

Ndiyo maana kila kaya yapasa kujua kanuni hii kama inavyojua kupika ugali: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko vidogo sita vya sawasawa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Zikipatikana zile pakiti za zahanati, hizo ni bora zaidi. Kanuni hiyo haiondoi haja ya daktari. Humfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa hai.

YA MWAKA 1973 YASISAHAULIKE

Nchi hii haianzi leo kuifanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Wizara ya Afya zilitayarisha masomo, Redio ikayatangaza, na wananchi wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi, chini ya miembe na katika madarasa, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakasimama na kushika majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Siri ya kampeni ile ilikuwa kwamba somo halikwisha mpaka kazi ifanyike.

Upungufu wake nao usifichwe. Kampeni ina mwanzo na mwisho, lakini choo hujaa, mtaro huziba tena, na mtoto aliyezaliwa baada ya kampeni hakuyasikia masomo yale. Agosti 2015 kipindupindu kilianza tena Dar es Salaam, kikaenea mikoani, na mwaka uliofuata kilikuwa bado hakijatoka nchini. Kidingapopo nacho kililitikisa jiji hilo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Basi jambo linalotakiwa si shangwe ya mwaka mmoja. Inatakiwa kalenda ya kila mwaka.

KALENDA YA KIANGAZI

Katika kalenda hiyo kila mtu ana sehemu yake. Januari na Februari, kabla ya masika, na tena Agosti na Septemba, kabla ya vuli, tawi la chama cha madaktari likutane na viongozi wa mtaa, Mabwana Afya, mabalozi wa nyumba kumi na walimu. Daktari asije na hotuba ya maneno ya Kilatini. Aje na viatu vya kutembelea. Atembee na wananchi katika uchochoro, waandike pamoja ni choo gani kimejaa, ni kisima gani kiko karibu na choo, ni mtaro gani umezibwa na nyumba ya mtu mkubwa. Naam, hata mtu mkubwa aandikwe, maana maji hayamwogopi mwenye cheo.

Watoto wa shule wapewe kazi yao: makopo, vifuu na matairi yanayoshika maji yaondolewe kila wiki, kwa kuwa mbu wa kidingapopo huzaliana katika maji yaliyotulia ya namna hiyo, naye huuma mchana. Chandarua, ambacho ni ngao kubwa dhidi ya mbu wa malaria aumaye usiku, hakitoshi kumkinga mtu aliyekaa sokoni saa nne asubuhi. Baada ya wiki sita orodha ile isomwe tena mbele ya mkutano: lipi limefanywa, lipi halijafanywa, na ni kwa sababu ya nani.

Hapo ndipo hema la daktari litakapopata maana kamili. Atakayeingia kupimwa damu atatoka akijua pia siku ya kuondoa majitaka katika nyumba kumi zake. Daktari naye hatahesabu wagonjwa aliowaona peke yao; atahesabu mitaa iliyovuka masika bila mgonjwa. Hesabu hiyo haina picha ya kupiga wala sherehe ya kufungia, na huenda mtu ambaye hakuugua asijue kamwe kwamba aliokolewa. Lakini ndiyo hesabu ya kweli ya utumishi wa tabibu.

Ndugu Wananchi, mawingu ya masika hukusanyika juani. Yafaa majembe, orodha na madaktari navyo vikusanyike juani.