Bulangeti ya vipande ni muchango pia



Kule Nyarugusu, mama yangu alikuwa anaokota vipande vya kitenge chini ya mashini za mafundi. Anavifua kwanza, sababu vingine vinatoa rangi. Anaviunga, anaweka shuka ya zamani katikati, anashona kwa mkono, uzi mara mbili. Kila jirani aliyezaa alipata bulangeti yake.

Leo hapa Baraka, kuko wenzetu hawaji tena kuona mama aliyezaa, sababu hawana kitu ya kuweka kwenye kasha. Wanaona haya. Ninaomba tukubali hivi: mwenye hana feza, alete bulangeti, na mwandishi aandike jina yake sawa na wengine. Vipande tutaomba mafundi wa sokoni. Sindano ninazo. Tuanze siku ya posho.