KOMPYUTA NA KIPIMA MVUA
(Mazungumzo ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama)



Mkutano uliopita mwenzetu mmoja alitoa hoja kwamba kipima mvua chetu kiondolewe, maana siku hizi utabiri unatoka kwenye kompyuta na unafika kwenye simu. Nimeombwa nijibu. Nitaanzia mbali kidogo, kwenye habari ya ozoni.

Ozoni ni gesi iliyoko juu sana, inatukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1974 Molina na Rowland, wanakemia wa California, walionya kwamba gesi za CFC, zile za majokofu na makopo ya kupulizia, zinapanda hadi huko. Jua linazivunja, inatoka klorini, na klorini inaila ozoni. Wataalamu wakaitia habari hiyo kwenye kompyuta. Namna yake ni hii: hewa yote ya dunia inagawanywa vyumba vyumba, kama ghala letu. Kila chumba kinaandikiwa joto lake, upepo wake na gesi zake. Kompyuta inakokotoa kipi kimeingia, kipi kimetoka, kipi kimegeuka kikawa kingine, kisha inasogeza saa mbele kidogo na kuanza tena. Jibu likatoka: ozoni itapungua polepole, asilimia chache tu, tena baada ya miaka mingi.

Haya. Kule Antaktika, kwenye barafu tupu, Waingereza walikuwa na kituo, Halley, wakipima ozoni tangu miaka ya 1950. Kazi ya kuchosha, mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1985 Farman, Gardiner na Shanklin wakatangaza kwamba kila Oktoba ozoni ya pale inashuka vibaya sana. Karibu theluthi nzima ilikuwa imepotea. Kompyuta haikuwa imesema hivyo.

Je, ilidanganya? Hapana, ilijumlisha sawasawa kile ilichopewa. Hawakuipa mawingu ya barafu ya kule juu, yanayotokea katika miezi ya giza na baridi kali. Kwenye chembe zake klorini iliyotulia huamshwa, na jua likirudi inaanza kula. Susan Solomon wa Marekani alieleza hivyo mwaka 1986, akaongoza msafara kwenda kupima huko huko. Mawingu yakaingizwa, hesabu na vipimo vikaanza kupatana. Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi 1987, na hesabu zilizosahihishwa zinakadiria ozoni ya Antaktika itarudi kama ya 1980 karibu na mwaka 2066, mkataba ukifuatwa. (Faida nyingine: CFC hushika joto pia, kwa hiyo dunia imeepushwa na joto la ziada.)

Mimi siidharau simu, utabiri nausoma kila siku. Lakini karani anaweza kujumlisha vizuri kabisa na gunia moja likawa halikuandikwa, na gunia hilo utaligundua ghalani tu. Kipima mvua kibaki. Daftari lake lina kurasa tupu tangu Februari, na mvua ya siku zile hatuwezi kuipima tena.

Zamu ya wiki hii ni ya vijana. Saa tatu asubuhi, msome kwanza ndipo mmwage maji.