Rais wa Marekani: Jinsi Achaguliwavyo na Mipaka ya Mamlaka Yake



Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008, furaha ilikuwa kubwa katika Homa Bay na Migori, kwa kuwa marehemu baba yake alizaliwa karibu na Kendu Bay. Serikali ya Kenya ikaifanya tarehe 6 Novemba kuwa sikukuu. Wako waliotumaini kwamba kwa amri yake barabara na maji vingefika upesi kando ya ziwa. Tumaini hilo laeleweka, maana wengi humdhania mkubwa wa nchi kuwa ndiye mwenye ufunguo wa hazina.

Marekani ufunguo huo hushikwa na baraza la kutunga sheria, liitwalo Kongresi. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, naye huteua mawaziri, mabalozi na majaji wa mahakama kuu. Lakini hao hawashiki kazi mpaka Seneti iwakubali, wala fedha haitoki hazina pasipo sheria. Rais aweza kuukataa mswada, lakini theluthi mbili za kila nyumba ya Kongresi zikishikilia, huwa sheria bila yeye. Obama mwenyewe yalimpata hayo Septemba 2016. Fedha za barabara ya kijijini Kendu Bay zimo katika makadirio ya kaunti, ambayo Gavana naye hawezi kuyatumia kabla Bunge la Kaunti halijayapitisha.

Uchaguzi wenyewe una jambo la kushangaza. Raia hupiga kura, lakini ziamuazo ni kura za wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo. Apataye 270 ndiye Rais. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura chache mno. Ndivyo mwaka 2016 Hillary Clinton alivyopata kura za raia zaidi ya milioni 2 kumpita Donald Trump, na bado akashindwa. Mtu wa Rongo atauliza haki iko wapi. Wamarekani wengi huuliza vivyo hivyo.

Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kura ya mvuvi wa Mbita ni sawa na ya karani wa Nairobi. Mgombea urais hushinda akipata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47.